Kazi Yangu Ilikuwa Kubebwa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja, mgongo mzima, meno yote kasoro moja, na watu wanane wasiotaka kuniona. Injinia Riana kaniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaokuja kulala kwenye machela baada yangu. Kasema, "Andika mambo wanayopaswa kujua." Mimi nimeishia darasa la saba, Morogoro, na mwandiko wangu mwalimu aliufananisha na kuku aliyekanyaga wino. Lakini hakuna mwingine aliyelala kwenye machela miaka kumi na moja bila kuumwa, kwa hiyo mtanivumilia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hata mama yangu hakuwahi kuielewa. Karakana yetu inatengeneza machela za kubebea watu waliovunjika mahali ambapo gari haifiki: ndani ya migodi, kwenye makorongo, milimani. Kabla machela haijatoka, lazima ijulikane inamtikisa mgonjwa kiasi gani. Sasa huwezi kuchukua mtu aliyevunjika kweli ukamzungusha kwenye mawe ili upime. Ni dhambi, halafu anapiga kelele. Kwa hiyo anatafutwa mtu mzima, asiyeumwa popote, anafungwa mikanda mitano, anabandikwa vipimo kwenye paji la uso, kifuani na nyongani, anabebwa. Hivyo vipimo ni vidude vidogo vyeusi vyenye waya. Sisi tuliviita kunguni. Ukitikisika, kunguni wanaiambia mashine, mashine inachora. Huyo mtu mzima ndiye mimi. Jina langu halikuwahi kutumika pale. Wote waliniita Mgonjwa, hata Injinia Riana ambaye Kiswahili chake kizima kilikuwa hilo neno moja, mengine yote alisema kwa Kiingereza.

Mama alikuja Johannesburg na mume wake, baba yangu wa kambo, aliyeishi uhamishoni kwetu Morogoro miaka mingi. Baada ya uchaguzi uliomaliza ubaguzi akarudi kwao, na mimi nikaja kama mzigo wa mkononi. Tukapanga Troyeville, ghorofa ya nne, lifti ilikufa kabla hatujafika. Shoga zake wa Yeoville wakimuuliza mwanao anafanya kazi gani, alikuwa anajibu, "Yuko mambo ya hospitali."

"Daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Hapana, jamani."

"Sasa nani?"

"Ni mgonjwa."

Basi wanampa pole, wengine wanaleta matunda. Nikayala.

Siku ya kwanza nilikwenda pale getini nikiwa sijui ni kazi gani, nilichosikia tu ni kwamba wanatafuta mtu wa kuwa mgonjwa. Nikajiambia, hapo anatakiwa mtu mwenye uzoefu. Injinia Riana, mama wa Kikaburu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba ya viatu, alikaa nyuma ya meza na orodha. Pembeni yake alisimama mzee mmoja wa Kikongo, kifua kama kabati, atafsiri. Huyo alikuwa Papa Kasongo, kiongozi wa wabebaji. Zamani alikuwa muuguzi wa reli huko Lubumbashi.

"Anauliza, uliisha kuugua mugongo?" Papa Kasongo akasema.

"Sana. Mpaka leo," nikajibu.

Mzee akanitazama. Akamgeukia mama, akasema kwa Kiingereza, "No."

"Anauliza, moyo?"

"Unanidunda vibaya mno, mzee. Hasa asubuhi."

"No."

"Kifafa?"

Kifafa nikafikiria kidogo, sikutaka kuonekana mwenye tamaa. "Mara mojamoja," nikasema.

"No."

Tukaenda hivyo hadi mwisho wa orodha. Nilikubali kila ugonjwa, pamoja na mmoja ambao baadaye niliambiwa wanaupata wanawake tu. Nikaajiriwa. Tulipotoka nje Papa Kasongo akanishika sikio, sio kwa upendo, akasema, "Mutoto, huyu mama anatafuta mutu muzima. Weye njo mugonjwa wa kwanza kupata kazi juu ya afya ambayo hakuwa nayo." Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Njia ya majaribio ilikuwa nyuma ya karakana, kwenye kile kilima cha mchanga wa njano uliotolewa mgodini, na makorongo yake, kuanzia chini kwenye barabara ya lami hadi juu. Tuliigawa mafungu matatu. La kwanza ni Meno, mawe madogo madogo yanayogonganisha meno. La pili ni Figo, matuta ya mmomonyoko, hapo utajua figo zako ziko upande gani. La tatu ni Shetani, ngazi ya majabali. Hilo halihitaji maelezo.

Mambo ya kufaa, yaandikeni. Nenda haja ndogo kabla ya mkanda wa kwanza, usiseme baadaye, hakuna baadaye. Ulimi ukae nyuma ya meno, na meno yaachane kidogo. Jino langu moja liko kule Meno, jiwe la tatu kushoto, mkilipata ni lenu. Pua itakuwasha mara tu mikono ikifungwa. Haijalishi ilikuwa inawasha kabla au la. Usiiombee msaada kwa mbebaji, maana atakukuna kwa kidevu. Na mwezi wa saba, upepo ukivuma, fumba macho na mdomo, ule mchanga unaingia mpaka kwenye mawazo.

Machela zenyewe nilizilalia za kila aina. Ya kwanza ilikuwa ya turubai na miti miwili, ya kizamani, na mpaka leo naiheshimu. Ikaja ya bati jepesi yenye springi nne. Hiyo springi aliibuni Injinia Riana mwenyewe, akaisifia wiki nzima. Pale Figo ilinirusha, mikanda na yote, nikaiona Soweto. Nikarudi chini, springi zikanirusha tena, nikaiona vizuri zaidi. "Umejisikiaje?" Injinia akauliza. Nikamwambia ni nzuri kwa utalii.

Halafu kuna habari ya kicheko. Mwaka wa pili hivi, mashine ikaanza kuchora mtikisiko wa ajabu: vijino vidogo vidogo vya haraka, vinatokea Figo tu, siku nyingine vipo, siku nyingine havipo. Injinia Riana akabadilisha mipini. Vipo. Akabadilisha turubai. Vipo. Mwezi mzima anakesha na penseli. Mimi nililala pale juu nikijua na sikusema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa hivi: mbebaji wa mbele kulia, Vusi, jamaa wa Soweto, alikuwa na suruali iliyochanika nyuma, na pale Figo anapopanda tuta, ile suruali inafunguka kama pazia la ukumbini. Basi nacheka. Nimefungwa, siwezi kucheka kwa mdomo, nacheka kwa tumbo. Kunguni wa nyongani anaandika kila kitu. Siku Vusi alipopeleka suruali kushonwa, ugonjwa wa machela ukapona. Injinia alipojua ukweli, hakunigombeza. Alikaa chini kwenye mchanga, akavua miwani. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria iliyoandikwa: Mgonjwa haruhusiwi kufurahi.

Sasa nifike kwenye jambo kubwa. Wabebaji walikuwa wanane, timu mbili za watu wanne wanne. Timu moja ya Vusi, wengi wao waliwahi kufanya kazi mgodini. Timu nyingine ya Papa Kasongo, Wakongo watupu, akiwemo Mwamba, fundi cherehani wa Yeoville aliyeishona ile suruali na kuniharibia starehe. Kwa kubebana miaka yote hiyo walishachanganya lugha, Vusi akawa anaongea Kiswahili cha Lubumbashi na Mwamba anatukana kwa Kizulu.

Vusi alikuwa na wimbo. Wimbo wa wanaume wa reli, mmoja anaita, wengine wanaitikia, miguu inakwenda mamoja. Mzuri, nywele zinasimama. Wageni wakija kuangalia majaribio walipiga picha, mmoja alilia. Papa Kasongo alikuwa anaununia. "Wimbo ni ya maiti," alisema kila siku. "Maiti banaibebaka na wimbo, haiumii. Mugonjwa hapana."

Siku moja nimelala kwenye machela nasubiri mashine ipate moto, nikamuuliza kwa nini anauchukia hivyo. Akaniambia yeye ana mdogo wake. Jiwe lilimwangukia mgodini, huko kwao, akatolewa akiwa anaongea, miguu anaisogeza, anaomba sigara. Wenzake wakambeba kwa furaha kwamba yuko hai, wakamwimbia njia nzima. "Walipofika kwangu dispensari, alikuwa anaongea bado," Papa akasema. "Sigara alivuta. Lakini miguu, apana. Mupaka leo anakaa kwenye kiti. Mukitembea pamoja, machela inaruka pamoja, mara elfu. Mufupa uliovunjika hauombi elfu. Unaomba moja tu, unakata kamba ya ndani ya mugongo." Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Lakini nani atamsikiliza mzee mwenye kununa dhidi ya wimbo mtamu? Hakuna, mpaka siku ya dumu la maji. Mtu alisahau dumu la maji chini kilimani, jua kali, na timu nzima ya Papa ikaanza kugombana ni nani. Walinibeba wakigombana Meno, wakagombana Figo, wakagombana Shetani. Kila mmoja anatembea kwa hasira yake, huyu hatua ndefu, huyu anaburuza, huyu anasimama nusu sekunde ili atukane vizuri. Mimi nilisinzia. Injinia Riana akatazama karatasi: mstari umelala kama mkeka. Akafikiri kunguni wamekufa. Akanipiga kofi la paji la uso ili apime, mashine ikaruka. Wazima. Akasema turudie, lakini bila kelele. Wakanyamaza, na ndani ya hatua kumi miguu ikakutana yenyewe, maana miguu ya watu walionyamaza inatafutana, na mimi nikaanza kurukaruka kama njugu kwenye kikaango.

"Wagombane tena," akasema Injinia.

Basi. Ikaingia kwenye daftari la sheria za kazi. Wimbo ulipigwa marufuku, na kabla ya kila jaribio wabebaji lazima wapewe hoja. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta hoja, kwa vile nilionekana mtu wa maneno. Mpira ulitufaa mwaka mzima, zile timu mbili kubwa za Soweto. Halafu nikaleta ugali: Vusi anasema ni pap, Mwamba anasema ni bukari na pap ni chakula cha njiwa, mimi kutoka kwenye machela nasema ni ugali na nyote hamjui kupika. Tulipata wiki tatu safi. Tatizo ni kwamba watu wakigombana sana kuhusu jambo wanaishia kuelewana, na wakielewana mimi naumia. Siku Vusi na Mwamba walipokubaliana kuhusu mahari, nilipasuka mdomo.

Hapa inanibidi niseme na ubaya wangu.

Injinia Riana alitaka kujua, zaidi ya mashine, mgonjwa mwenyewe amejisikiaje. Kila safari nilijaza kadi, alama moja hadi kumi. Wabebaji wakaifanya ligi. Kila Ijumaa timu yenye alama nyingi ilipewa kombe. Kombe lenyewe lilikuwa chombo cha haja, kile cha kumwekea mgonjwa kitandani, kipya cha chuma kinachong'aa, kiliachwa na mgeni mmoja. Msicheke. Timu ya Vusi ilikiweka juu ya makabati na maua ya plastiki ndani. Timu ya Papa ilikipiga dawa ya kung'arishia kila asubuhi. Mwamba alikwenda nacho kwenye harusi ya dada yake, akapiga nacho picha.

Na mimi nilikuwa nauza alama. Si kwa pesa, mimi si mwizi. Kwa chakula na nguo. Vusi akija na magwinya ya moto, yale maandazi ya hapa, na achari pembeni, anapata nane. Mwamba akinifupishia suruali bure, nane na nusu. Mtu alipotokea na kuku mzima wa kukaanga kutoka Fordsburg, nilitoa kumi, na ningetoa kumi na moja kama kadi ingekuwa na nafasi. Kila aliyeleta alidhani ni yeye peke yake mwenye akili hiyo, na kila mmoja aliniambia, "Iwe siri, Mgonjwa." Ikawa siri, miaka mitano.

Papa Kasongo alianguka siku ya Jumatano asubuhi, baridi, umande umeganda juu ya majabali. Alikuwa amepanda Shetani peke yake kukagua njia kabla hatujaanza, kama kawaida yake, hamwamini mtu. Tukasikia jiwe linabiringika, halafu tukasikia kitu kingine ambacho si jiwe. Tukamkuta korongoni, amelala chali, macho wazi.

"Musiniguse," akasema. "Mutu asiniguse. Mugongo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miguu inawaka moto. Iko muzuri. Ikiwaka bado iko."

Gari la wagonjwa lilipigiwa simu. Likasema litatusubiri kwenye lami, zaidi ya hapo haliwezi. Kutoka pale hadi lami ni Figo yote na Meno yote. Injinia Riana alimfunga shingo, tukamwingiza kwenye machela kwa mikono ya watu wote, taratibu kama kutoa mkate kwenye oveni. Kwa mazoea Injinia akambandikia mzee kunguni kwenye paji la uso. Wakashika watu wanne: Vusi na Mwamba mbele, wawili nyuma. Wengine watatu pembeni wa kubadilishana. Mimi nikatembea ubavuni, mara ya kwanza kuiona ile njia nikiwa nimesimama. Ni fupi sana ukiwa na miguu.

Wakaanza kutembea. Hakuna aliyesema neno. Na kimya kile, wallahi, miguu ikakutana hatua ya tano. Tu, tu, tu, tu. Machela ikaanza kupumua. Papa Kasongo akauma mdomo.

"Hoja!" Injinia Riana akapiga kelele kutoka nyuma. "Mgonjwa, wape hoja!"

"Vusi," nikasema, "timu yako Jumamosi ilicheza takataka."

"Ni kweli," Vusi akajibu, machozi yanamtoka. "Ilicheza vibaya."

"Hapana ndugu yangu," akasema Mwamba, "mulijaribu. Refa njo alikosea."

"Asante, bhuti."

Tu, tu, tu, tu.

"Pap!" nikapiga kelele. "Mwamba, pap na bukari!"

"Ni kitu kimoja," Mwamba akasema. "Chakula cha Mungu."

"Kitu kimoja," akaitikia Vusi. Na wale wa nyuma wakaitikia, kitu kimoja. Wallahi karibu uwe wimbo. Sijawahi kuona watu wanapendana namna ile. Hofu iliwafanya watakatifu wote, na ule utakatifu ulikuwa unamkata Papa Kasongo kamba ya ndani, hatua kwa hatua. Akasema, bila kufungua macho, "Mutoto. Miguu inapoa."

Utani ulikuwa umeniishia. Nilikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki.

"Kombe mlikuwa mnalinunua," nikasema. "Wote. Alama zangu nilikuwa nauza."

Tu, tu.

"Unasema nini wena?" Vusi akauliza.

"Magwinya yako, Vusi. Kila Jumanne. Ulifikiri ni wewe tu? Mwamba alinishonea suruali nne."

"Haibo! Mwamba!"

"Suruali nne na koti," nikaongeza. "Na huyo wa nyuma yako, Vusi, wa timu yako mwenyewe, aliniletea keki akasema nisimwambie Vusi, maana Vusi anajisifu kwamba ushindi ni wake."

Hapo dunia ikapasuka. Vusi akageuza shingo kumtukana wa nyuma, hatua ikampotea. Mwamba akamwita Vusi mwizi wa kombe, Vusi akamwita Mwamba shetani wa cherehani. Wa nyuma kushoto alikuwa hajawahi kunipa chochote, yeye peke yake kati ya wanane, na alipogundua hilo alilia kwa sauti, akitembea kwa hatua ndogo ndogo za mtu aliyedhulumiwa. Kila mguu ukaenda njia yake. Machela ikatulia kama meza.

"Miaka mitano!" Vusi anapiga kelele. "Nilikinunulia maua!"

"Nilikipeleka kwenye harusi!" Mwamba anapiga kelele. "Mama yangu alikibusu!"

Bahati yangu mikono yao ilikuwa imeshika mipini. Walichoweza ni kunitemea mate, na upepo ulikuwa upande wangu. Na mimi nikaendelea kuchochea, nikataja kila andazi, kila soksi, kila tarehe niliyoweza kukumbuka, mpaka tukamaliza Figo. Ndipo sauti ikatoka kwenye machela.

"Na kuku yangu?"

Wote wakatazama chini. Papa Kasongo, shingo imefungwa, macho yametazama mbinguni, kunguni katikati ya paji la uso.

"Papa, nyamaza, usitikisike," nikamwambia.

"Kuku muzima! Ya Fordsburg! Nilisimama kwenye mustari saa moja! Uliniambia weye hauchukuaka kitu kwa mutu!"

"Papa nawe?" Mwamba akasema, na sauti yake ilivunjika. Maana Papa Kasongo ndiye aliyekuwa anatuhubiria uaminifu kila Jumatatu. Ugomvi ukaanza upya, safari hii timu ya Papa wao kwa wao, na huyo aliyekuwa anabebwa ndiye aliyekuwa anatukana kuliko wote. Injinia Riana anakimbia nyuma na kompyuta ya kunguni mkononi, haelewi hata neno moja, anatazama mstari, anapiga kelele, "Zuri! Zuri sana! Endeleeni!"

Tukafika lami. Wakamweka Papa Kasongo ndani ya gari la wagonjwa kama yai. Mlango ukafungwa. Nikaona mikono jozi saba, mitupu, inageuka upande wangu. Sikuaga. Nilikimbia mpaka kwenye robot, yaani taa za barabara kuu, ilikuwa nyekundu, nikapita.

Nilikaa Troyeville wiki tisa. Injinia Riana alinipigia kusema kwamba mfupa ulipasuka lakini kamba haikukatika, na kwamba mstari uliolala kama ule haujawahi kuonekana, kaubandika ukutani. Nikamuuliza lini nirudi kazini. Akasema ngoja kwanza. Mama akawaambia shoga zake kwamba mwanawe amepona, na kwa hiyo hana kazi.

Wiki ya tisa, mchana, nikasikia mtu anapanda ngazi zetu. Polepole sana. Anapumzika kila ghorofa, anakohoa, anaanza tena. Nikafungua mlango kabla hajabisha. Papa Kasongo, amevaa suti, chini ya shati kuna lile gamba la plastiki la kushikilia mgongo, amesimama wima kama askari wa kuchongwa. Jasho linamtiririka mpaka kwenye tai.

"Papa! Ngazi zote hizi?"

"Nyamaza," akasema. "Nimetumwa. Tulikaa, watu wanane, tukapiga kura. Hakuna mutu atakubeba tena. Si leo, si kesho. Hata ukivunjika kweli, utatambaa."

"Wote wanane?"

"Wote."

"Na wewe, Papa?"

"Mi njo niliinua mukono wa kwanza."

Nikavuta kiti, nikakipangusa. "Basi kaa, Papa, upumzike kwanza. Umetoka mbali."

Akakitazama kile kiti. Akanitazama mimi.

"Apana," akasema. "Nitasimama."

Akasimama pale mlangoni, mikono nyuma, muda mrefu kuliko ujumbe ulivyohitaji. Kisha akageuka, akazishuka ngazi zote kwa miguu yake.